Baba ananiomba dawa ya kulala moja kwa moja

Shangazi, shikamoo.

Naandika usiku huu kwa sababu mchana sipati nafasi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, naishi Igoma hapa Mwanza na watoto wangu wawili. Mkubwa ni wa kiume, yuko kidato cha tatu. Baba yangu alikuwa mvuvi kisiwani Kome. Alipoanza kulalamika mgongo tulisema ni nyavu, ni makasia, ni uzee. Kumbe ni saratani ya tezi dume, na ilipogundulika ilikuwa imeshaingia kwenye mifupa.

Alifanyiwa ule upasuaji ambao wanaume hawapendi kuutaja. Alibembelezwa sana hadi akakubali, na kweli ulimsaidia. Maumivu yalipungua, akarudi Kome, akawa anashinda mwaloni akiwakosoa vijana wanavyoshona nyavu. Sasa maumivu yamerudi, na yamerudi na hasira. Kiuno, mbavu, nyonga. Nimemhamishia kwangu. Mara ya mwisho tulipompeleka hospitali tulipewa panado na diklofenaki, na daktari akaniita pembeni akaniambia nimrudishe mzee nyumbani, hapakuwa tena na la kufanya.

Mchana anajikaza. Usiku anauma shuka ili wajukuu wasimsikie. Namwogesha mimi, na nikimwogesha anageuzia uso ukutani mpaka nimalize, hasemi neno. Juzi aliniambia, "Mwanangu, nyavu zangu nimeshazivuta zote. Nitafutie dawa nilale moja kwa moja. Kaka yako hataweza, wewe una moyo." Jana akarudia huku analia. Baba sikumwona akilia hata tulipomzika mama.

Nililigusia jambo hili kwenye kundi letu la WhatsApp. Binamu yangu anayefanya kazi kwenye nyumba ya wazee huko Uholanzi akajibu kwamba kwao mzee angeshajaza fomu zamani, daktari angekuja nyumbani, na yote yangeisha kwa amani. Kaka yangu wa Dar akamtukana, akajitoa kwenye kundi. Kisha akanipigia simu: baba arudishwe hospitali, aongezewe damu, na kwa kuwa hali vizuri awekewe mpira wa chakula. Kaka ndiye anayelipa, na injini ya mtumbwi wa baba imeshauzwa kwa ajili ya matibabu. Nilipouliza kama baba mwenyewe ameulizwa, akasema mimi nataka kumuua mzee kimyakimya. Baba mdogo naye amekuja kutoka Kome, anasema kuna kitu kinamshikilia, twende kwa mtaalamu. Katekista wetu aliniambia mateso ni msalaba, mzee aubebe. Nikaaga.

Kuna jambo jingine naliandika kwa aibu. Jirani aliyemuuguza mama yake aliniambia nitafute mofini, dawa kali ya maumivu. Mwingine akaniambia mofini ndiyo inayomaliza wagonjwa, wakishapewa hawamalizi wiki. Usiku ule nikawaza, Mungu anisamehe: kama ni hivyo, si ndiyo njia yenyewe? Nimpe baba anachokitaka na hakuna atakayejua. Asubuhi niliogopa nafsi yangu.

Basi naomba unisaidie. Nikimtimizia ombi lake, sheria inasemaje? Kukataa damu na mpira wa chakula ni kuua? Hao Wazungu wamekosa utu, au sisi ndio tumekosa huruma? Na akiniomba tena nimjibu nini?

Binti wa mvuvi, Igoma

Marahaba, mwanangu. Pole sana, na baba naye mfikishie pole yangu.

Maswali yako nitayajibu yote, ila si kwa mpangilio wako. Kabla sijastaafu na kuanza safu hii nilikuwa nesi wa wodini, na nilipofika pale ulipoandika "panado na diklofenaki" niliiweka barua mezani kwanza. Mtu ana saratani kwenye mifupa, anatibiwa kwa panado, halafu tunajadili kama ana haki ya kufa. Bado hatujui kama baba yako anataka kufa. Tunajua kwamba anataka maumivu yakome, na kwamba hadi leo hajaonyeshwa njia nyingine ya kuyakomesha.

Daktari aliyesema hakuna la kufanya alikuwa na maana kwamba hakuna la kumponya. Angeyatenganisha hayo mawili angekupunguzia usiku mwingi. Lipo tawi zima la tiba linaloanzia pale uponyaji unapoishia, kwetu linaitwa tiba shufaa. Cicely Saunders, Mwingereza aliyekuwa nesi kabla ya kusomea udaktari, alifungua nyumba ya kuwatunza wagonjwa wa namna hii London mwaka 1967. Mwaka 1986 Shirika la Afya Duniani likatoa utaratibu wa dawa za maumivu ya saratani kwa hatua tatu: unaanza na nyepesi kama panado, zikishindwa unapanda, na juu kabisa ipo mofini. Baba yako ameachwa hatua ya kwanza.

Wala usiseme hayo ni ya Ulaya. Ng'ambo ya ziwa letu hili hili, Kampala, daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993 akitumia mofini ya maji, dawa ya kunywa, rahisi kutengeneza na ya gharama ndogo. Tangu 2004 Uganda inawaruhusu manesi na matabibu waliosomea kazi hiyo kuwaandikia wagonjwa dawa hii, ili mgonjwa wa kijijini asisubiri daktari ambaye hayupo. Kwetu, mofini ya maji imekuwa ikitengenezwa Taasisi ya Saratani Ocean Road na kutoka hapo kwenda hospitali nyingine. Walutheri wa KKKT nao wamekuwa na huduma za tiba shufaa kupitia hospitali zao. Na hapo Mwanza, kwenye hospitali iliyo juu ya kilima cha Bugando, kuna kitengo cha saratani. Tafuteni rufaa ya kwenda kwenye kitengo hicho, na mkifika msiseme "mzee anaumwa". Semeni hivi: ana saratani ya tezi dume iliyofika kwenye mifupa, panado na diklofenaki zimeshindwa, halali usiku, tunaomba apimwe maumivu na aanzishiwe mofini. Maneno hayo ukiyataja moja kwa moja, anayekuhudumia anajua mnaongea nini. Diklofenaki nayo uitaje vizuri, ameitumia kwa muda gani, maana kwa mzee inaweza kuchokoza tumbo na figo.

Waulizeni pia kuhusu mionzi. Maumivu ya mfupa mmoja au miwili yanayojulikana yalipo mara nyingi hupungua kwa mionzi ya siku moja tu, na nafuu huja ndani ya wiki chache. Haimponyi. Lakini mzee anayeweza kujigeuza kitandani bila kupiga yowe ni mtu tofauti na huyu unayemuuguza sasa.

Sasa hofu ya mofini. Naijua, nimeishi nayo wodini miaka yote. Chanzo chake ni kwamba sisi wenyewe tunaichelewesha: mgonjwa anapewa siku zake zimebaki chache, anafariki, na dawa inabebeshwa lawama. Ikianzishwa kwa kiasi kidogo na kupandishwa taratibu na anayeijua, haimfupishii mgonjwa maisha. Hunywewa kwa saa, kila baada ya saa nne, maumivu yawepo yasiwepo, kwa sababu ukingoja maumivu yaamke utayafukuza bila kuyafikia. Usiku huwa wanaongeza dozi ya kulalia ili asiamshwe katikati. Itamfunga choo, hilo lina hakika karibu kwa kila mtu, kwa hiyo adai dawa ya kulainisha choo tangu siku ya kwanza. Siku za mwanzo atalala sana. Usiogope, mwili unalipa deni la usingizi. Akizidi kulala kiasi cha kutoamka ukimwita, mpigieni aliyewapa dawa. Uraibu unaoogopwa si kawaida kwa mgonjwa anayetumia kwa maumivu ya kweli.

Na lile wazo lako la usiku. Umeliandika, umelitia saini, umelituma kwa mtu mzima. Ulipoliogopa ulikuwa unajilinda wewe na kumlinda baba. Ila usibaki nalo peke yako. Mwambie nesi wa kitengo kile waziwazi kwamba umechoka na kwamba mawazo ya namna hiyo yamekupitia. Hatashtuka, ameyasikia kwa wauguzaji wengi. Dawa ikija, ifungiwe sehemu moja, kila dozi iandikwe kwenye daftari pamoja na saa yake, na zamu za usiku zisiwe zako zote. Baba mdogo ameshakuja, mpe zamu. Hiyo kazi yake ya kutafuta kinachomshikilia mzee itamwachia muda wa kutosha wa kulala mchana.

Kuna sentensi yako moja uliyoiandika kama unapita tu: anageuzia uso ukutani unapomwogesha. Hapo mimi nilikaa muda mrefu kuliko pale pa sheria.

Jimbo la Oregon huko Marekani lina sheria ya kumruhusu mgonjwa anayekaribia kufa aandikiwe dawa ya kumaliza maisha. Ilipitishwa kwa kura mwaka 1994, ikaanza kazi 1997, na kila mwaka serikali ya jimbo huchapisha sababu walizotoa walioitumia. Wengi wangedhani maumivu ndiyo yanaongoza. Hapana. Zinazotajwa zaidi ni kupoteza uwezo wa kujiamulia, kushindwa kufanya yale yaliyoyapa maisha ladha, na kupoteza heshima. Maumivu yapo, lakini chini ya hayo.

Sasa mtazame baba yako. Mvuvi wa Kome, mkwe wa watu, anavuliwa nguo na binti yake wa kumzaa. Wewe unaona upendo. Yeye anaona mwiko unavunjwa kila asubuhi na hana pa kukimbilia isipokuwa ukuta. Na injini imeuzwa, hilo nalo analijua. Inawezekana kabisa anapoomba kulala moja kwa moja anaomba asiogeshwe tena na wewe.

Una kijana wa kidato cha tatu. Mjukuu na babu ni watani, wanaitana mume mwenza, wanataniana mambo ambayo wewe huwezi hata kuyasikiliza. Mfundishe kijana namna ya kumgeuza babu yake bila kumuumiza, umwachie maji ya uvuguvugu, utoke nje. Akiwa shuleni, baba mdogo afanye. Wewe baki na chakula, dawa na mazungumzo. Sikuahidi kwamba ombi lake litakoma. Naona tu kwamba ni mapema mno kulijibu kabla hamjajaribu hili, na halina gharama.

Sheria sasa. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16 ya sheria zetu, haina mlango wa huruma. Inasema mtu anayeharakisha kwa kitendo chake kifo cha mgonjwa ambaye ugonjwa wenyewe ungemuua anahesabika kuwa ndiye aliyesababisha kifo hicho. Kwamba mzee aliomba, kwamba alikuwa analia, kwamba zilikuwa zimebaki wiki mbili, havigeuzi kosa kuwa si kosa. Kuua kwa kukusudia adhabu yake ni kunyongwa. Kumsaidia mtu ajiue mwenyewe, hata kwa kumletea tu kitu, kifungo chake kinaweza kufika maisha. Hata kujaribu kujiua ni kosa kwa sheria yetu, jambo ambalo mimi naliona la kikatili kwa mtu aliyekwisha kukata tamaa, lakini ndivyo ilivyoandikwa. Watoto wako wawili watakwenda kwa nani?

Na usidanganywe na binamu. Huko Uholanzi sheria iliyoanza kutumika tarehe 1 Aprili 2002 haimpi mtoto ruhusa ya kumpa baba yake chochote. Ni daktari peke yake, na hata kwake kitendo hicho kimebaki ndani ya sheria ya makosa ya jinai; anasalimika tu akitimiza masharti. Lazima aridhike kwamba ombi ni la mgonjwa mwenyewe, la hiari na limefikiriwa. Kwamba mateso hayavumiliki wala hayana matumaini ya kupungua. Kwamba hakuna njia nyingine inayofaa. Lazima daktari wa pili asiyehusika amwone mgonjwa. Baadaye kesi yote inapelekwa kwenye kamati ya kuikagua. Hiyo habari ya kujaza fomu mzee akalala ni ya kwenye WhatsApp. Na kwa sharti lile la njia nyingine, daktari wa Uholanzi akiletewa mgonjwa wa saratani ya mifupa anayetibiwa kwa panado, sindano anayoitafuta kwanza ni ya maumivu.

Uswisi wao sheria yao iliyoanza kutumika mwaka 1942 inamwadhibu anayesaidia mtu kujiua kwa maslahi yake binafsi, na kwa hiyo asiye na maslahi hapatikani na hatia. Oregon, mgonjwa awe mtu mzima, madaktari wawili wathibitishe kwamba hatazidi miezi sita, na dawa ainywe kwa mkono wake. Kanada walifungua mlango mwaka 2016 kwa watu ambao kifo chao kiko karibu, na 2021 wakaupanua hadi kwa ambao hakiko karibu. Watu wenye ulemavu huko wamelalamika sana kwamba wao wanaonyeshwa njia ya kufa kabla ya kupewa msaada wa kuishi. Malalamiko hayo yana uzito kwangu.

Afrika nako swali limeshafika mahakamani. Mwaka 2015 wakili mmoja wa Afrika Kusini, Robin Stransham-Ford, aliomba Mahakama Kuu ya Pretoria imruhusu daktari amsaidie kufa. Alikuwa na saratani ya tezi dume, kama baba yako. Tarehe 30 Aprili jaji akakubali, na kumbe mwenyewe alikuwa amefariki asubuhi ile ile, saa chache kabla, kwa ugonjwa wake. Desemba 2016 Mahakama ya Rufani ikaifuta hukumu ile. Pamoja na mengine, ilisema mwenye ombi alipokufa, ombi lake nalo lilikufa.

Umeuliza nani amekosa utu. Wanaotetea jambo hili nimewasoma na siwaiti makatili. Wanasema uhai ni wa mwenyewe, mtu mwenye akili timamu asilazimishwe kuvumilia yale ambayo sisi wazima tunayatazama tu kutoka pembeni, na kwamba katazo halizuii watu kufa, huwafanya wafe kwa siri na vibaya. Hoja hiyo ya mwisho hata mimi inanipa tabu. Wapo wagonjwa wachache ambao maumivu yao hushinda hata tiba nzuri. Kwao madaktari huweza kuwapa dawa za kuwalaza usingizi mzito siku za mwisho, ili ugonjwa uwachukue wakiwa hawahisi. Na wapo wasio na maumivu makali kabisa, wametosheka tu na wanataka kuondoka. Kwa hao sina jibu linaloniridhisha mwenyewe, na ukiniletea mmoja nitakaa kimya muda mrefu.

Lakini uniulize kama ningetaka sheria ya namna hiyo hapa kwetu leo, nasema hapana, na sababu yangu ya kwanza haitoki kwenye dini. Mholanzi anayeomba kufa ana bima, ana daktari wa familia anayemjua kwa jina, mofini ipo. Baba yako anachagua kati ya kuuma shuka na kufa. Mezani hajawekewa kitu cha tatu. Pili, hii Kanda yetu ya Ziwa tunaijua. Hapa vikongwe wameuawa kwa kisingizio cha uchawi, kwa macho mekundu yaliyotokana na moshi wa jikoni, na mara nyingi nyuma yake kulikuwa na shamba. Katika nchi ambayo mzee anahesabiwa gharama mbele ya masikio yake, mimi nisingependa kumwona mwanafamilia akiwa na karatasi mkononi inayosubiri kidole gumba cha bibi.

Kaka yako, huyo wa Dar, tumsikilize kidogo kabla hatujamhukumu. Kwenye damu anaweza kuwa na haki. Saratani ikiingia kwenye mifupa huweza kuleta upungufu wa damu, na mgonjwa akiongezewa hupata nguvu ya kukaa, kula, kuongea na watu. Mpira wa chakula ni habari nyingine. Mgonjwa wa saratani aliyefika mwisho haachi kula ndipo afe. Mwili unaozimika ndio unaokataa chakula, na mpira mara nyingi haumwongezei siku wala raha, tena chakula huweza kuingia njia ya hewa. Ila pengine baba hajafika huko. Pengine hali kwa sababu anaumia, au kwa sababu choo kimefunga. Mpeni mofini kwanza, mumpikie uji mwepesi na mchuzi wa sato kidogo kidogo, muone. Kwa kila kitu mnachoshauriwa, damu, mpira, kipimo, safari ya Dar, muulizeni daktari kitampa mzee nini na kitamchukulia nini. Kisha mumuulize mzee, ambaye akili zake ni timamu na mwili ni wake. Akisema hataki, kuuheshimu uamuzi huo si kuua. Ugonjwa ndio utakaomuua.

Katekista akikuletea tena habari ya msalaba, mwombe mfungue pamoja Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2277 hadi 2279. Kanisa linakataa kabisa kumuua mgonjwa, hata kwa huruma. Lakini hapo hapo linasema ni halali kuacha matibabu yenye mzigo mkubwa kuliko faida yake, na ni halali kutumia dawa za maumivu hata kama zingeweza kufupisha siku, mradi kifo hakikusudiwi. Papa Pius wa 12 aliliambia kundi la madaktari jambo hilo mwaka 1957. Na wasomaji wangu Waislamu wanaijua hadithi inayomkataza muumini kutamani kifo kwa ajili ya madhara yaliyompata, ikimfundisha aombe abakishwe hai maadamu uhai ni heri kwake, na afishwe kama kufa ni heri kwake. Hadithi hiyo hiyo imemwachia mgonjwa nafasi ya kusema kwamba amechoka.

Akikuomba tena, usimkemee na usimwambie "baba usiseme hivyo". Kaa chini umuulize: kinachokuchosha zaidi ni nini? Mwache amalize, hata akinyamaza katikati. Kisha mwambie ukweli: "Baba, hilo siwezi kukufanyia na sitalifanya. Ila sitakuacha uumie hivi, na hutapelekwa popote usikotaka." Akikuuliza kama anakufa, mwambie ndiyo, ugonjwa hautapona. Anajua. Akitaka kurudi Kome, lizungumzeni mapema, mkishapata dawa ya kutosha kubeba na namba ya simu ya nesi, kabla hajafika hali ya kutoweza kupanda kivuko. Mazungumzo hayo kaka yako awepo, hata kwa simu, na amsikie mzee mwenyewe akisema anachotaka. Zile tuhuma za kuua kimyakimya hazitadumu mbele ya sauti ya baba.

Jambo la mwisho, na hili usilingojee siku ya kliniki. Saratani hii ikikaa kwenye uti wa mgongo huweza kuubana. Ukiona miguu ya baba imeanza kulegea au kufa ganzi, au mkojo umegoma ghafla, au maumivu ya mgongo yamebadilika na kuwa kama mkanda unaombana kiunoni au kifuani, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane. Akiwahi kupata dawa na mionzi anaweza kubaki na miguu yake. Akichelewa siku mbili tatu, mara nyingi hairudi.

Shangazi